Safu ya Upepo

Moroto, saa nne asubuhi. Chokaa imetuishia,
tumechora njia za uwanja kwa majivu ya jikoni,
na upepo unashuka mlimani kuyafuta
kabla hatujaita namba za wasichana.
Mimi ni mshika saa. Kazi yangu ni kidole gumba.

Mita elfu tano: mizunguko kumi na miwili na nusu.
Anayetaka kiti kwenye basi la Kampala
sharti amalize kwa dakika kumi na saba, sekunde ishirini.
Nachuge alikuja na viatu vya kuazima,
kimoja kimefungwa kwa uzi wa gunia.

Upande wa jukwaa upepo ulimsukuma mgongoni,
fulana ikamtangulia;
nikasoma: arobaini.
Upande wa vyoo vya shule ukamkamata kifuani;
nikasoma: arobaini na nne.
Tena arobaini. Tena arobaini na nne.
Mara tatu, arobaini na tano.

Watu hudhani kwa kuwa uwanja unazunguka
haki nayo itazunguka,
kilichochukuliwa kule kitarudishwa huku.
Nimeshika saa hii miaka kumi na tisa, nawaambia
upepo si muuza duka wa kurudisha chenji kamili.
Hukupa sekunde moja na nusu, hukutoza mbili na nusu,
tofauti huila mwenyewe, kila mzunguko,
kimyakimya, kama panya kwenye ghala la mtama.
Kukopa harusi, kulipa matanga, sawa;
lakini msichana huyu hakukopa kitu.

Nyuma yake Cheposait wa Amudat,
kichwa kimeinama, amejibana kwenye mgongo ule
kama mbuzi ukutani wakati wa mvua.
Mizunguko kumi na mmoja na nusu hakuonja upepo.
Kengele ilipolia akatoka, akapita.
Sikumlaumu. Hakuna sheria inayokataza kujificha.

Kumi na saba, ishirini na tisa.
Kumi na saba, thelathini na moja.
Wote wawili nje ya basi.

Cheposait, chali kwenye nyasi, akasema akihema,
"Mgongo wako ulikuwa nyumba."
Nachuge akatema mchanga.
"Na kodi hujalipa."
Wakacheka mpaka wakakohoa.

Fomu ina safu ya jina, ya shule, ya namba, ya muda.
Wa mita mia huwekewa kipima upepo,
hata kama ni cha kuazima kutoka Soroti;
ukizidi mita mbili kwa sekunde, karatasi hukiri.
Wa elfu tano hawana safu hiyo.
Aliyeichapa fomu, nadhani, naye aliamini duara hulipa.

Kalamu ilisimama.
Sekunde kumi na moja ni nini?
Ni muda wa kufunga kamba za kiatu kimoja.
Nani angejua? Hata mistari yenyewe imeshapeperuka.
Nikaandika thelathini na moja,
kisha pembeni, palipo wazi, kwa herufi ndogo:
upepo.
Katibu akauliza hilo ni jina la nani.

Kesho yake, saa kumi na mbili, mlima haujaamka,
mfuko wa plastiki ulining'inia kwenye senyenge
bila kutikisa hata sikio.
Nachuge alikuwa amesimama pale mstari ulipokuwa jana.
"Umekuja na saa?"
Nilikuja nayo.

Muda wake wote sitautaja. Basi liliondoka usiku,
na hakuna fomu yenye safu ya alfajiri.
Nitasema hivi tu:
upande wa jukwaa, arobaini na moja.
Upande wa vyoo, arobaini na moja.